Mwenye Viti

Mhariri ameniomba mara mbili niandike juu ya maisha ya Waswahili wa huku, na mara zote mbili nilihisi anatarajia habari za joto, za majengo marefu na za Kombe la Dunia. Hayo yameandikwa na wengi. Mimi nitaandika juu ya viti vya plastiki, birika la chai na kikundi kidogo cha watu walioacha pombe na dawa za kulevya, ambacho hukutana siku ya Ijumaa hapa mjini. Jina langu sitaliweka chini ya makala haya. Mhariri analijua, na huko mbele nitaeleza kwa nini inatosha alijue yeye.

Tena nitangulize jambo moja, asije mtu akasoma kwa hamu ya visa. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Niko Doha tangu 2013, ni dobi wa hoteli, na sijaonja pombe tangu Machi 2016, alhamdulillah. Yaliyokuwa kabla ya hapo sitayasimulia. Hadithi za ulevi zinafanana dunia nzima, na msikilizaji huishia kucheka au kulia, basi. Kisichosimuliwa sana ni ile miaka inayofuata. Mtu ameacha, kisha? Siku ina saa ishirini na nne zilezile, ila sasa zote ziko macho. Azifanyie nini?

Jibu la kwanza nililopewa lilikuwa la viti. Mkutano niliouhudhuria mwanzo ulikuwa wa Kiingereza, na aliyenipokea alikuwa mzee wa Goa, fundi wa majokofu, aliyekuwa na miaka kumi na saba bila kunywa. Hakuniuliza nimekunywa kiasi gani. Aliniuliza kama Ijumaa ijayo naweza kufika nusu saa kabla ya wengine, kwa sababu kuna viti ishirini vya kupanga na mgongo unamsumbua. Nikafika. Ijumaa ya pili nikafika tena. Baada ya mwezi mkutano ukanichagua rasmi, kwa kunyoosha mikono, niwe mpanga viti.

Sasa, sisi watu wa Afrika Mashariki tunapenda vyeo. Chama chetu chochote ughaibuni, hata kikiwa na watu tisa, kitakuwa na mwenyekiti, makamu wake, katibu, naibu katibu, mhazini na mlezi, na wale watatu waliobaki ndio wanachama, nao hawasemezani. Basi nami nikampigia simu mke wangu kumwambia nimechaguliwa mwenyekiti. Akauliza wa chama gani. Nikamwambia ni mwenyekiti kwa asili ya neno lenyewe: mwenye viti. Alicheka mpaka simu ikakatika. Ulikuwa umepita muda mrefu sijamsikia akicheka.

Kwa wasiofahamu, ushirika huu ulianza Marekani mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa na miezi michache tu bila pombe alipokwenda Akron, Ohio, kwa mpango wa biashara, nao ukaharibika. Jioni moja ya mwezi wa Mei akajikuta peke yake katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, upande huu baa na vicheko vyake, upande ule simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaenda kwenye simu. Linalonishangaza hadi leo ni kwamba hakupiga kuomba asaidiwe. Alikuwa akitafuta mlevi mwingine amsaidie yeye, kwa maana alikwisha kuona kule New York kwamba kila alipohangaika na walevi, wao hawakuacha, lakini yeye mwenyewe siku hizo hakunywa. Simu zile zikamfikisha kwa mwanamke aitwaye Henrietta Seiberling, na kupitia kwake akakutana na daktari mpasuaji, Bob Smith, tarehe 12 Mei. Daktari alikubali kukaa naye robo saa tu. Wakaongea hadi usiku. Tarehe 10 Juni, inayohesabiwa kuwa siku daktari yule alipokunywa mara ya mwisho, ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous. Narcotics Anonymous ya watumiaji wa dawa za kulevya ilifuata California mwaka 1953. Dk. Bob, akisaidiwa na mtawa Ignatia katika hospitali ya St. Thomas, aliwahudumia walevi wapatao 5,000 bila kuwatoza chochote hadi alipofariki mwaka 1950.

Wasomi walikuja nyuma, kama kawaida yao. Mwaka 1965 Frank Riessman aliandika kwamba katika vikundi vya namna hii anayesaidia huenda akafaidika kuliko anayesaidiwa. Mwaka 2004 Maria Pagano na wenzake walichambua takwimu za utafiti mkubwa wa Marekani wakakuta kwamba, kati ya walevi waliokuwa wakiwasaidia wenzao, asilimia 40 hawakunywa kabisa katika mwaka uliofuata matibabu. Kati ya wasiosaidia walikuwa asilimia 22. Mwenye shaka atasema kwamba pengine wenye nguvu ya kusaidia ndio waliokuwa na nafuu tangu mwanzo. Ni shaka ya haki. Mzee wa Goa yeye hakuwa na habari za tafiti. Aliniambia tu kwamba mtu aliyeahidi kufungua mlango saa kumi hawezi kuwa amelala amelewa saa tisa, na watu kumi na wanane wasimame juani wakimngoja. Jua la Doha mnalijua kwa kusikia. Sisi tunalijua kwa visigino.

Hapa inabidi nieleze mji wenyewe. Wengi wa huko nyumbani hudhani Qatar haina pombe. Ipo. Inauzwa kwenye baa za hoteli kubwa, na mgeni asiye Mwislamu mwenye kibali hununua katika duka la kampuni moja tu iliyoruhusiwa, kibali ambacho hutegemea mshahara wa mtu. Mlinzi wa lango na mbeba zege hawafiki huko. Wao hunywa kinachopikwa kichinichini, binamu wa chang'aa na gongo, au hunywa manukato ya chupa, ambayo yameacha watu vipofu na wengine hawakuamka. Halafu kuna sheria. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 2004 inasema anayekunywa hadharani, au anayeonekana amelewa hadharani, anaweza kufungwa hadi miezi sita au kutozwa faini hadi riyali 3,000. Kwa mtu wa mkataba, mlango wa jela na mlango wa ndege ya kurudishwa nyumbani viko jirani. Ndiyo maana mlevi wa Doha anayetaka kuacha huogopa kuomba msaada kuliko anavyoogopa pombe yenyewe, kwa sababu kuomba msaada anaona ni kujishitaki.

Msomaji sasa anaelewa habari ya jina. Katika chumba chetu hutumika jina moja tu, hakuna daftari la mahudhurio, hakuna picha, na mwanachama hajitaji magazetini. Desturi hii ni ya ushirika mzima, tangu Marekani, ila hapa ina uzito wa mshahara na viza. (Novemba 2022, siku mbili kabla ya mechi ya ufunguzi, ilipotangazwa kwamba hakutauzwa bia kuzunguka viwanja na dunia nzima ikapiga kelele, nadhani sisi ndio tuliokuwa watulivu kuliko wote mjini.)

Mwaka 2018 tukaanza saa ya Kiswahili. Tulikuwa watano: mlinzi wa lango kutoka Bungoma, dereva Mganda, fundi rangi wa Bukavu, mama mmoja wa Tanga anayefanya usafi hospitalini, na mimi. Watu watano na Viswahili vitano. Kazi yetu ya kwanza ya kujitolea ikawa kutafuta maneno, na sikujua kwamba maneno yanaweza kumfukuza mtu au kumkalisha.

Neno uraibu lenyewe halikutusumbua. Watu wa pwani tunalijua tangu enzi za bibi zetu, pale uraibu ulipokuwa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku kwenye kijaluba, na mraibu ni yule ambaye asipotafuna kichwa kinamuuma. Mama wa Tanga aliposema hivyo, fundi rangi aliinua kichwa akauliza, kumbe ni ugonjwa wa heshima? Tukacheka, lakini nadhani alikuwa hajawahi kusikia tatizo lake likitajwa bila tusi.

Lililotukwamisha ni mdhamini. Katika ushirika huu kila mgeni hutafuta mtu mzoefu wa kumwongoza kwenye zile hatua kumi na mbili, anayeweza kumpigia simu usiku wa manane. Kiingereza wanamwita kwa neno ambalo tafsiri yake ya haraka ni mdhamini. Na mdhamini kwa mtu wa Ghuba ni nani? Ni kafili! Ni yule anayeshika viza yako. Ni kweli sheria ya 2015, iliyoanza kutumika Desemba 2016, iliondoa neno hilo kwenye makaratasi, na mwaka 2020 Qatar ikaondoa sharti la mfanyakazi kupata barua ya ridhaa ya mwajiri ili abadili kazi. Lakini neno haliondoki kinywani kwa amri. Mgeni mmoja, dereva wa lori, tulipomwambia atafute mdhamini alisimama akauliza kwa upole kabisa kama huyo naye atataka pasipoti. Hakurudi. Wiki iliyofuata tukakaa juu ya neno hilo karibu saa nzima. Mganda akapendekeza mwalimu, ikakataliwa kwa sababu mwalimu ana fimbo. Kungwi ikazua kicheko ambacho sitakieleza hapa. Mwisho mama wa Tanga akasema, kwetu mtu wa namna hiyo ni somo. Somo, yule wa kukufunda na kukutunzia siri. Ikapita bila kura. Hadi leo anayeuliza huambiwa tafuta somo wako, na hakuna aliyewahi kuuliza habari za pasipoti.

Neno la tatu ndilo hasa lililonifanya niandike makala haya. Kule kwenye Kiingereza wanasema mtu asiyetumikia hatadumu. Sisi tulisema huduma, tukasema kujitolea, na yote yalikwenda vizuri mpaka siku alipokuja dada mmoja wa Kwale, mfanyakazi wa nyumbani. Alikaa mikutano mitatu kimya. Wa nne, mtu mmoja akawa anasifu utumishi, kwamba unaponya, kwamba ni dawa. Dada yule akasema: "Kaka, mimi wiki nzima natumwa. Natumwa na mama, natumwa na watoto, natumwa na mgeni aliyekuja jana. Ijumaa nayo nije nitumwe?"

Hakuna aliyemjibu. Na mimi naona ilikuwa vyema asijibiwe, maana lile ni swali lenye haki zote. Watu wa Marekani wa 1935 walikuwa daktari na mfanyabiashara. Kwao kuosha vikombe vya wenzao ilikuwa kushuka ngazi, na kushuka kule kuliwafaa. Mtu ambaye yuko chini ya ngazi tangu asubuhi ashuke kwenda wapi? Sheria Namba 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku nzima ya mapumziko kila wiki na kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku. Yeye wakati huo alikuwa akipata Ijumaa mbili kwa mwezi, na hizo ni baada ya kupika. Kumwambia akaoshe vikombe ni kutomwona.

Alirudi baada ya wiki mbili, akaingia jikoni bila kuombwa, akachemsha chai yenye tangawizi na iliki ya kweli, maana alisema chai yetu ya pakiti ni aibu kwa watu wa pwani. Kisha akasema kitu nilichokiandika usiku ule ule nisije nikakisahau. Alisema nyumbani kwa watu wale akiugua ataletwa mwingine kesho, na chai itanyweka vilevile. Lakini Ijumaa ile aliyokosa, mama wa Tanga alimpigia simu mara tatu kuuliza yuko wapi.

Mimi sijapata maelezo yaliyozidi hayo. Doha imejengwa na watu ambao kila saa yao ina bei, na bei hiyo mtu mwingine kaiandika. Unaamshwa na basi la kampuni, unalala kitanda cha kampuni, unakula chakula cha kampuni, na ukiondoka nafasi yako inajazwa kabla shuka halijapoa. Katika maisha hayo pombe ilikuwa kitu pekee ambacho wengi wetu tulijichagulia. Ukimnyang'anya mtu kitu hicho bila kumpa kingine cha kuchagua, umemwacha mtupu. Dada wa Kwale hakutumwa chai ile. Angeweza kukaa tu, na hakuna ambaye angemkata mshahara.

Baadaye, kwa kuwa Ijumaa zake hazikuwa za uhakika, alijipa kazi nyingine. Usiku, vyombo vikishakauka, anajifunika shuka hadi kichwani na kusoma kwa sauti ya chini masomo ya siku kwenye simu, dakika tatu au nne, kisha anatuma. Alianza na wasikilizaji wawili. Sasa sauti ile inafika Muscat na Riyadh, kwa wasichana ambao hawana Ijumaa kabisa, na sijui nyuso zao, wala yeye hazijui. Wakati mwingine unasikia kwa mbali kiyoyozi kikinguruma na mtoto wa watu akilia, naye anasimama, ananyamaza, halafu anaendelea palepale.

Mwaka 2020 tulipimwa. Tarehe 17 Machi serikali ilifunga sehemu ya eneo la viwanda, lile tunaloliita Sanaiya, kuanzia mtaa wa 1 hadi wa 32, kwa ajili ya korona. Mlinzi wetu wa Bungoma, ambaye alikuwa amerudia kunywa na kuanza upya kuhesabu, alikuwa ndani ya uzio na siku arobaini na kitu bila pombe, chumba kimoja na watu kumi. Mikutano ikahamia kwenye simu, na ghafla vyeo vyote vikabadilika. Mwenye viti hana viti. Mtu wa chai hana chai. Cheo kikubwa kikawa cha bando: mhazini anachukua zile riyali chache zilizobaki kwenye kopo, anawanunulia data wale walio ndani. Ushirika huu haupokei pesa za nje, si za serikali wala za tajiri mwenye huruma, kwa hiyo kopo lile ndilo lilikuwa hazina yote, na lilikuwa na riyali 214. Nazikumbuka kwa sababu tulizihesabu mara mbili.

Mimi nikapewa yule mlinzi. Kila siku saa tatu usiku nimpigie. Maswali yalikuwa matatu, sikuzote yaleyale: umekula, umelala, umezungumza na nani leo. Basi. Usimhubirie, alinionya mzee wa Goa, mtu aliyefungiwa amekwisha hubiriwa vya kutosha.

Ikaja Ramadhani, mwishoni mwa Aprili. Misikiti imefungwa, hakuna tarawehe, hoteli imefunga ghorofa nyingi na sisi wa udobi tumepewa likizo isiyo na malipo. Nikakaa chumbani siku nyingi mfululizo. Ilikuwa kama usiku wa kumi na nane wa mfungo. Nilikuwa nimefungua kwa maji tu, sina hamu ya chakula, na nilikuwa nikifikiri juu ya mtu mmoja ghorofa ya tatu ambaye kila aliyekaa jengo lile alijua anauza nini. Sikuinuka. Lakini nisiwadanganye kwamba nilikuwa nikisali. Nilikuwa nikitazama saa. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi, na nilijua nisipopiga, yule kijana kule ndani atajua kwa nini.

Nikapiga. Kabla sijamuuliza chochote akasema: "Kaka, sauti yako leo si yako. Umekula?" Nikamwambia bado. Akasema haweki simu chini mpaka nile. Nikapasha wali wa jana, nikala huku ananisikia natafuna, na yeye akinipigia porojo za timu ya mpira ya kijijini kwao na kipa wao aliyekuwa na kengeza. Data ile tulimnunulia sisi. Niliimaliza mimi.

Huyo kijana alirudi Bungoma mwaka 2023. Tunaongea bado, si kila siku.

Nisiandike kana kwamba kujitolea ni hirizi. Kuna mambo mawili lazima yasemwe, na la kwanza ni la uhai. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili unaweza kupata kifafa, akili kuvurugika, na watu wamekufa hivyo. Sisi si madaktari. Anayepiga simu katika hali hiyo tunampeleka hospitali, na huduma yetu inakuwa kukaa naye kwenye foleni, kumtafsiria, kumwambia nesi kile ambacho yeye anaona aibu kukitamka. Vivyo hivyo nyumbani. Pwani yetu imeumizwa na heroini kuliko pombe, na Kisauni naijua mitaa ambayo mateja walikuwa wengi kuliko wanafunzi. Kule Malindi The Omari Project ilianza kazi mwaka 1995, Unguja soba hausi ya kwanza ilifunguliwa 2009, na Muhimbili ikaanza kutoa dawa ya methadoni Februari 2011. Ukiingia soba hausi utamkuta anayekupokea mlangoni, anayepika, anayekuamsha alfajiri, wote ni watu walioingia kwa mlango huohuo miezi michache nyuma, na arosto ikikupiga, anayekaa nawe usiku kucha ni aliyepigwa nayo juzi. Wenye dawa wawe na dawa zao, na mwenzako awe karibu. Kimoja hakifukuzi kingine. Mwaka 2020 wataalamu watatu, Kelly, Humphreys na Ferri, walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakaona kwamba kwa kumfanya mtu adumu bila pombe njia ya ushirika huu na ya wataalamu wanaowaelekeza wagonjwa kwake haikupitwa na tiba nyingine, na mara nyingi ilizipita. Lakini hawakusema ikae mahali pa hospitali.

La pili ni kwamba utumishi nao ni pango zuri la kujificha. Tulikuwa na bwana mmoja, tulimtania kwa jina la Waziri. Alikuwa katibu, alikuwa mhazini, simu ya kikundi ilikuwa kwake, ufunguo kwake, wageni wote ni wake. Kila mtu alimsifu. Mzee wa Goa peke yake ndiye aliyenung'unika, akisema amemsikia Waziri akiuliza hali ya kila mtu kwa mwaka mzima na hajamsikia hata siku moja akisema yake. Mwaka 2019 akatoweka, na simu, na ufunguo. Tulipompata alikuwa amekwisha kunywa kwa miezi minne, akija mikutanoni akanywea mbele. Alisema hakuona wa kumwambia. Wote walikuwa wakimwambia yeye.

Tangu siku ile tuna kanuni. Hakuna mwenye kazi mbili. Kazi ni miezi sita, kisha unaachia, hata kama unaipenda, hasa kama unaipenda. Na kila mwenye kazi lazima awe na somo ambaye yeye ndiye anayemlilia. Vikundi vya nchi nyingine hupata taabu kuwang'oa watu kwenye nafasi. Sisi tunasaidiwa na mikataba: uwanja wa ndege wa Hamad haujali nani ni mhazini. Mzee wa Goa alistaafu akarudi kwao 2021, na baada yake ameondoka Mganda, ameondoka fundi rangi. Kati ya wale watano wa 2018 tumebaki wawili, mimi na mama wa Tanga, ambaye wakati wote huu hajawahi kukubali cheo chochote na bila yeye sidhani saa hiyo ingefika mwaka wa pili.

Nami zamu yangu imekaribia. Mkataba unaisha mwakani, na safari hii sitauongeza. Binti yangu anaingia sekondari na nimemwona jumla ya miezi tisa tangu azaliwe. Simu ya kikundi nimekwisha kuikabidhi kwa dada wa Kwale, ambaye siku hizi yuko kwa mwajiri mwingine na Ijumaa anazipata zote. Alipoipokea aliikagua kama mtu anayenunua samaki, akauliza betri inakaa saa ngapi.

Kilichobaki ni mimi mwenyewe. Niliandikia kikundi kimoja cha Mombasa, nikawaeleza ni nani, nimetumikia nini na kwa muda gani, barua ndefu kidogo, nikauliza watanipa kazi gani nikifika. Walijibu baada ya siku mbili. Wanakutana Jumanne baada ya magharibi, viti vimeshapata mtu, na kama sina neno, kuna vikombe.